Pasiwadi Ni ya Mwenye Nyumba

Kijana wa mtandao alifika kwa mamangu, Kongowea, Jumamosi saa nne asubuhi, akaondoka saa nne na dakika ishirini. Ndani ya dakika hizo alitoboa ukuta, akapitisha waya wa fiba, akaiweka ruta nyuma ya televisheni, akabonyezabonyeza simu yake mwenyewe, kisha akasema, "Mama, iko sawa. Pasiwadi nimekuandikia hapo kwa kalenda." Mama akampa soda. Yeye akampa mama karatasi za kutia sahihi, kurasa tatu za Kiingereza, halafu huyo, akapanda pikipiki kwenda nyumba nyingine.

Nilipopigiwa simu Nairobi nikaambiwa kazi imeisha, nilishukuru. Hiyo waifai ilikuwa zawadi yangu kwa mama. Kila mwezi nitalipa mimi, naye aache kununua bando za hamsini hamsini, awaone wajukuu kwa video mpaka achoke. Sikuuliza swali hata moja. Fundi amekuja, fundi amemaliza, taa zinawaka. Nani ana haja ya kujua zaidi?

Leo nasema siku ile mamangu aliwekewa mlango mpya nyumbani kwake, na ufunguo ukaondoka na pikipiki.

Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa matamu. Mwezi wa pili yakaanza kukwama jioni. Kufikia mwezi wa tano, mama akinipigia saa mbili usiku uso wake uliganda kwenye kioo, mdomo wazi, kama picha ya kitambulisho. Akapiga simu huduma kwa wateja. "Madam, zima halafu uwashe." Akazima, akawasha. Wiki iliyofuata, "Madam, umejaribu kuzima na kuwasha?" Akazima tena, akawasha tena, mpaka kitufe kikalegea. Kwa miezi mitatu hayo ndiyo maarifa pekee aliyopewa na kampuni inayochukua pesa zetu kila tarehe moja.

Nilipoenda nyumbani Desemba nilifanya jambo ambalo kila aliyelipia mtandao angepaswa kuonyeshwa siku ya kwanza. Niliipindua ruta. Chini yake kulikuwa na kibandiko, na kwenye kibandiko anwani ya namba, jina la kuingilia na pasiwadi ya kuingilia. Nikaunganisha simu yangu na waifai, nikafungua kivinjari, nikaandika zile namba pale juu panapoandikwa anwani za tovuti. Ukurasa ukafunguka. Dakika mbili, basi. Ndani yake kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Nyumba ya mama ina simu tatu, televisheni moja, na tableti kuukuu isiyoshika chaji. Pamoja na simu yangu, ni sita. Orodha ilikuwa na vifaa 23.

Ile pasiwadi ya kwenye kalenda ilikuwa jina la kampuni likifuatwa na 1234. Ya jirani wa juu ilikuwa hiyohiyo. Ya duka la pembeni, hiyohiyo. Fundi aliyeunga nyumba za mtaa ule alikuwa na pasiwadi moja kichwani, na mtaa mzima ulikuwa ushaijua. Kijana mmoja anayechaji simu za watu pale barabarani alikuwa akiifanyia biashara: ishirini bob kwa siku, unakaa kwenye benchi lake unatazama mpira kwa waifai ya mamangu.

Nilidhani mama atawaka. Alikaa kimya, akauliza ni kina nani. Nikamsomea majina ya simu jinsi yalivyoandikwa kwenye orodha. Akatambua mawili. Ni watoto wa nyumba ya nyuma, baba yao alifariki mwaka juzi, wanapewa kazi za shule zinazotaka mtandao na simu ya mama yao haina bando. Akasema, "Hao ningewapa mwenyewe. Lakini ningeombwa."

Ningeombwa. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike haya.

Tukizungumza kuhusu mtandao nchini huwa tunapiga kelele kuhusu bei na kasi. Ni sawa, tupige. Tangu nyaya za chini ya bahari zifike Mombasa mwaka 2009, hadithi tunayosimuliwa ni ya upana wa barabara: nyaya ngapi, megabiti ngapi, kaunti ngapi. Lakini barabara ikishafika mlangoni kwako, kuna swali lingine ambalo halijibiwi na bango lolote la matangazo. Nani anaamua nani aingie?

Kwenye ruta kuna funguo mbili, na wengi wetu tunajua mmoja tu. Ufunguo wa kwanza ni pasiwadi ya waifai, ile unayompa mgeni akishakunywa chai. Ufunguo wa pili ni pasiwadi ya usimamizi, inayofungua ule ukurasa wa ndani. Wa kwanza unamwingiza mtu sebuleni. Wa pili unamruhusu kubadilisha kufuli, kuhamisha milango, na kukufungia wewe nje. Fundi alimpa mama ufunguo wa kwanza, tena mbovu, na hakutaja kwamba kuna wa pili.

Nilipotaka kurekebisha mambo mengine nikakuta baadhi ya kurasa zimefungwa. Kumbe ile pasiwadi ya kibandiko ni ya daraja la chini, kuna nyingine ya juu. Nikapiga simu kampuni. Dada wa watu akanijibu kwa heshima, "Hiyo huwa hatupei wateja. Ni ya kampuni, kwa usalama wako."

Usalama wangu! Pasiwadi ya kibandiko ilifungua ruta ya jirani pia. Nilijaribu mbele yake, kwa ruhusa yake, naye akashika kichwa. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeunganishwa kwenye ruta yoyote ya mtaa ule, pamoja na mteja wa ishirini bob, angeweza kuingia ukurasa wa ndani, abadilishe jina la mtandao, abadilishe pasiwadi, aangalie nani yuko ndani. Sisi tunaolipa ndio pekee tuliokuwa hatujui.

Kuna watakaosema ninakuza mambo, ni waifai tu, jirani akitazama mpira kuna hasara gani? Haya, tuangalie hasara. Kwanza, ukiwa nje ya nyumba, kwenye intaneti, vifaa vyote vya nyumba moja vinaonekana kama mtu mmoja. Mtu akikaa kwenye lile benchi akamtapeli mwenzake, uchunguzi ukifuata njia utafika kwenye laini iliyoandikishwa kwa jina la mama yangu, mwanamke wa miaka sitini na nne ambaye wakati huo anaswali Isha.

Pili, ruta ina daftari la kuuliza njia. Ukiandika jina la benki yako, simu yako inaiuliza ruta: huyu anaishi wapi? Ruta nayo inauliza mahali ilipoelekezwa kuuliza. Mwenye pasiwadi ya usimamizi anaweza kubadilisha mahali hapo, ukaanza kuelekezwa kwenye nyumba za uongo. Kivinjari kizuri kitapiga kelele mara nyingi kwamba ukurasa huu hauaminiki. Lakini mama aliyeambiwa kwa miezi mitatu "zima halafu uwashe" atajuaje kelele ipi ya kusikiliza na ipi ya kupuuza?

Tatu, ruta yako inaweza kuandikishwa jeshini bila wewe kujua. Mwaka 2016 programu moja haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikibisha hodi kwenye kamera na ruta za majumbani. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilibeba orodha ya majina na pasiwadi za kiwandani, zaidi ya sitini, ikazijaribu moja baada ya nyingine. Ilikofunguliwa iliingia, ikakusanya vifaa kwa maelfu, ikavituma vyote kwa pamoja kushambulia. Mwezi Oktoba mwaka huo tovuti kubwakubwa Marekani zilizimika kwa saa kadhaa. Na ukidhani hayo ni ya Wazungu na mambo yao, Liberia kampuni ya simu ilipigwa kwa jeshi la aina hiyohiyo. Mwingereza aliyelipwa kufanya kazi hiyo alihukumiwa London mwaka 2019, miezi 32. Silaha yake ilikuwa vifaa vya watu wa kawaida waliowekewa na fundi, wakaambiwa iko sawa.

Kwa hiyo pasiwadi ya kiwandani ni jambo zito. Uingereza imeliwekea sheria: tangu tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kuuza kifaa cha nyumbani cha mtandao chenye pasiwadi moja inayofanana kwa wateja wote. California ilianza mapema zaidi, Januari 2020. Ujerumani imekwenda mbali kushinda hao: tangu Agosti 2016 mteja ana haki ya kuleta ruta yake mwenyewe, na kampuni inalazimika kumpa taarifa zote za kuiunganisha. Yaani kule sheria inatambua kwamba waya wa kampuni unaishia ukutani, na kutoka hapo kwenda ndani ni nyumba ya mtu.

Na sisi tusijifanye hatuna msingi. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma aliyonunua. Ibara ya 31 inalinda faragha ya mawasiliano yake. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Weka hizo tatu pamoja, halafu urudi sebuleni kwa mama: karatasi tatu za Kiingereza, pasiwadi ya 1234, na ufunguo wa pili umefichwa. Hapo haki iko wapi?

Najua majibu ya makampuni maana nimeyasikia. Jibu la kwanza: ruta ni mali yetu, mteja ameazimwa tu. Sawa. Nyumba ya kupanga nayo ni ya landilodi, lakini umeona wapi landilodi anayempa mpangaji chumba halafu anabaki na ufunguo wa pekee? Jibu la pili: tukiwapa wateja pasiwadi wataharibu mipangilio, halafu watujazie simu. Hapo kuna ukweli kidogo. Kweli, kuna mipangilio ya laini ambayo ukiifuta mtandao unakatika, na ndiyo maana nasihi mtu asichomeke sindano kwenye kile kitundu cha kurudisha ruta ilivyotoka kiwandani kabla ya kujua anachokifanya. Lakini kampuni nyingi zina njia yao ya kuingia kwenye ruta kutoka ofisini na kurekebisha. Wafunge hiyo sehemu yao moja. Mengine yote, jina, kufuli, wageni, saa za watoto, ni mambo ya nyumba.

Jibu la tatu hawalisemi kwa sauti, lakini ndilo linaloendesha hayo mengine: mteja wa kawaida hawezi kuelewa. Mama mwenye nyumba Kongowea, mzee wa Bungoma, dada wa saluni Kayole, hao ni watu wa kubonyezewa.

Hilo ndilo linanichoma, kwa sababu nchi hii imeshalikanusha. Machi 2007 M-Pesa ilianza. Bibi yangu hakuwahi kukaa darasani, lakini kuna siku alishika kidude chenye skrini ya ukubwa wa stempu akajifunza kutuma pesa, kutoa pesa, kusoma ujumbe wa salio, na kuficha namba yake ya siri hata kwa sisi wajukuu. Alifundishwa na nani? Na wakala wa dukani, kwa Kiswahili, menyu ya Kiswahili, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Hakuna aliyesema namba ya siri ya bibi ikae ofisini kwa usalama wake. Walipohitaji tujue, walitufundisha, na nchi nzima ikajua. Kwa hiyo wasituambie watu hawafundishiki. Waseme tu kwamba kwenye ruta hawana faida ya kutufundisha.

Sina ugomvi na fundi mwenyewe. Nilimtafuta yule kijana, tukazungumza kando ya barabara. Analipwa kwa idadi ya nyumba anazounga, mafuta ya pikipiki ni yake. Nikamuuliza kwa nini pasiwadi moja mtaa mzima. Akacheka kidogo, akasema, "Boss, nikiweka tofauti wananipigia usiku wakiisahau. Hii naikumbuka." Alikuwa anajitolea kuwa daftari la mtaa, bila malipo, kwa sababu hakuna aliyempa dakika kumi za kumfundisha mwenye nyumba. Mpe hizo dakika na umlipe kwa hizo dakika. Atafundisha vizuri kuliko mwongozo wowote, maana anaongea lugha ya watu.

Na hizo dakika zingejaa nini? Wacha nitaje, ili asije mtu akasema ni elimu ya chuo kikuu.

Angeanza na taa. Kwenye kisanduku cha fiba kuna taa yenye herufi LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga hautoki nje kuja ndani: waya umekatwa au umekunjika mahali. Hapo hata uzime na kuwasha mpaka Krismasi, haisaidii. Unapiga simu kampuni na unawaambia, LOS ni nyekundu, tumeni mtu. Mama akijua taa hiyo moja, maongezi yake na huduma kwa wateja yanabadilika siku hiyohiyo.

Angesema kuhusu mahali. Ruta iliwekwa nyuma ya televisheni kwa sababu waya uliingilia dirisha hilo na fundi hakutaka kuvuta mita nane zaidi. Mawimbi yake yanaanza safari yakigonga mgongo wa televisheni, halafu ukuta wa mawe, halafu friji. Iweke katikati ya nyumba, juu kidogo, peupe. Nilivuta waya mwenyewe mpaka juu ya kabati la koridoni, na chumba cha mama kilichokuwa na mstari mmoja kikapata mitatu.

Angeeleza kwa nini mtandao mmoja unaonekana na majina mawili, la kawaida na lenye 5G mwishoni, ambalo si ile 5G ya minara ya simu. Ni masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kama kuna harusi mtaa wa pili, kinachokufikia chumbani ni besi, maneno ya mwimbaji yanabaki kulekule. Masafa ya chini hupenya kuta na kufika mbali, ila ni ya polepole na yamejaa watu. Ya juu ni ya kasi, ila yanachoka ukutani. Basi televisheni iliyo karibu na ruta ipe ya juu, simu ya chumba cha mwisho ipe ya chini. Unahitaji digrii kuelewa hapo?

Kwenye maploti ya Pipeline au Roysambu, nyumba zimepangana kama viberiti, angeongeza kuhusu chaneli. Katika zile gigahezi 2.4, chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Kama ruta nyingi za jengo zimejazana kwenye chaneli moja, mnasikizana kama makanga wa stendi moja, kila mtu anapaza sauti na abiria hasikii kitu. Ingia, angalia, hama. Ukipata pia sehemu ya WPS, zima. Ile namba yake ya tarakimu nane ruta huikagua kwa vipande viwili, na tangu 2011 inajulikana kwamba hilo linapunguza majaribio ya mwizi kutoka mamilioni hadi kama 11,000. Kompyuta inaweza kuyamaliza kwa saa chache.

Mwisho angefanya kufuli. Weka WPA2, au WPA3 kama ipo. Pasiwadi ya waifai iwe ndefu, maneno manne ya kwenu ambayo mtu wa nje hawezi kuyakisia, yasiwe jina la mtoto wala namba ya simu. Pasiwadi ya usimamizi iwe tofauti na hiyo, iandikwe kwenye daftari linalokaa na hati za nyumba. Washa mtandao wa wageni, wenye pasiwadi yake. Kwenye ruta nyingi mgeni wa huko anapata intaneti lakini hafiki kwenye vifaa vyenu vya ndani, na ruta nyingine zinakuruhusu kumwekea saa.

Nimehesabu. Nusu saa, na soda inabaki.

Lakini nikiwalaumu makampuni tu nitakuwa mwongo. Kuna mkosaji mwingine, naye ndiye anayeandika na wewe unayesoma. Sisi watoto tuliosoma. Sisi ndio tuliowafungulia wazazi WhatsApp tukawaambia "lete hapa nikufanyie," tukafanya haraka, tukarudisha simu bila kueleza tulichogusa. Pasiwadi ya barua pepe ya mama yako anaijua nani? Ni wewe. Tunafurahia kuwa fundi wa familia, kupigiwa simu, kuambiwa "mwanangu anajua hizi vitu." Hatuna tofauti na kampuni. Ile Desemba, baada ya kuona vifaa 23, nilifanya nini? Nilimwondoa mama kando, nikabadilisha kila kitu mwenyewe, nikaweka pasiwadi ndefu ya kujivunia, nikapanda basi kurudi Nairobi. Wiki mbili baadaye akapiga simu. Televisheni imesahau mtandao, inaomba pasiwadi, na karatasi niliyomwandikia hakuna anayejua iko wapi. Ile pasiwadi nilikuwa nayo mimi, kwenye simu yangu, kilomita karibu mia tano. Nilikuwa nimeuondoa ufunguo kwa fundi nikauweka mfukoni mwangu.

Pasaka niliporudi nilikaa chini, mikono nyuma, nikamwambia afanye yeye. Alivaa miwani. Akapindua ruta, akasoma namba kwa sauti, moja tisa mbili, nukta, moja sita nane. Akakosea mara mbili. Ukurasa ulipofunguka ulikuwa wa Kiingereza mtupu, na hapo ndipo nilipoona ukatili wenyewe. Mwanamke anayesoma gazeti la Kiswahili kutoka mwanzo mpaka mwisho aligeuka asiyejua kusoma nyumbani kwake. Tukachukua daftari tukaandika: neno hili ni hili, neno hili ni hili. Ukurasa mmoja ukatosha. Kampuni yenye mawakili na wachoraji wa mabango imeshindwa kuchapisha ukurasa huo, mimi na mama tukaumaliza kabla ya adhuhuri.

Alichagua pasiwadi mwenyewe, sikutazama. Akafungua mtandao wa wageni, akawapa wale watoto wa nyuma, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, "halafu wakalale." Yule wa benchi alikuja kuuliza kulikoni, wateja wamekasirika. Mama akamwambia akitaka wazungumze biashara aje na mia tano kwa mwezi, kama mtu mzima. Bado hajaja.

Mtandao ukataka jina. Nilimpendekezea jina la ukoo. Akakataa, akaandika jina ambalo sasa kila anayepita mtaani na simu mkononi lazima alisome: ULIZENI KWANZA.

Kwa makampuni, tunachodai ni vitu vitatu na havina gharama ya kuwafilisi. Kila ruta ije na pasiwadi yake, isiyofanana na ya mwingine, na mteja aambiwe ziko mbili na apewe zote. Kila ruta ije na karatasi moja ya Kiswahili, ya taa, mahali na kufuli. Na kila fundi alipwe nusu saa ya kumkalisha mwenye nyumba mbele ya ukurasa ule, aandike kwa vidole vyake mwenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano inayotoa leseni inaweza kuyafanya hayo matatu kuwa masharti. Na wabunge wanaojua kuja kupiga picha waifai ya sokoni ikizinduliwa, waende pia wakasome walichokifanya Uingereza na Ujerumani.

Na wewe usingoje bunge. Jioni hii, kabla ya taarifa ya habari, pindua ruta yako. Soma kibandiko, ingia ndani, hesabu vifaa. Kama idadi imezidi watu na vitu vya nyumba yako, ushajua kazi unayo. Halafu mpigie mzazi wako. Usimwambie "nitakuja nikufanyie." Mwambie achukue miwani na kalamu.